Sanamu iliyoachwa na jirani Mgoa: ni nani, na tuifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Tunakaa Mji Mkongwe, nyumba ya marehemu babu. Tulipokuwa tunahamisha vitu ili kuta zipigwe chokaa, tumekuta ndani ya kasha la bibi sanamu ya mti, urefu wake kama shibiri mbili. Ni mwanamme, amevaa joho refu la rangi ya kahawia iliyobanduka, kiunoni ana kamba yenye mafundo. Kichwa kimenyolewa katikati, nywele zimebaki duara, na hana ndevu. Mkono wa kushoto umeshika kitabu na juu ya kitabu pana kitundu. Mkono wa kulia ni ngumi iliyotobolewa. Utosini pia pana kitundu. Mgongo ni bapa. Uso unang'aa, ami anasema ni pembe ya ndovu. Chini inamwaga vipunje kama semsem. Mama anasema iliachwa na jirani Mgoa, mtu wa asili ya Goa huko India, mwaka 1964, alimwambia bibi amuwekee, atarudi. Binamu yangu anataka kuipiga msasa na vanishi aipeleke dukani mtaa wa Gizenga. Mama hataki, ameifunika kanga, lakini naye hana raha kukaa na sanamu ndani. Ni nani huyu? Ana thamani? Tufanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Kwanza mwambie binamu yako aweke msasa chini. Mengine yote yanaweza kungoja mwezi mzima. Hilo halingoji hata leo jioni.

Umeniandikia vizuri kuliko wengi. Kawaida hupata maneno mawili, "sanamu ya zamani, bei gani?", na picha iliyopigwa gizani. Wewe umehesabu mpaka vitundu, na vitundu ndivyo vilivyonijibu.

Tuanze na kamba. Watakatifu wa Kikatoliki hawatambuliwi kwa sura, maana waliowachonga hawakupata kuwaona. Hutambuliwa kwa walichovaa na walichoshika. Mwenye funguo ni Petro, mwenye mishale mwilini ni Sebastiano, mwenye mbwa ubavuni ni Roko. Kamba yenye mafundo kiunoni ni ya watawa Wafransisko, na mafundo huwa matatu, kwa nadhiri zao tatu: ufukara, useja na utii. Kichwa kunyolewa utosini ilikuwa alama ya mtawa. Sasa tumebakiwa na wawili. Fransisko wa Asizi mwenyewe huchongwa na ndevu, na viganja vyake huonyesha majeraha. Wako hana ndevu, wala hukutaja jeraha. Kisha ana kitabu, na juu ya kitabu kuna kitundu. Kitundu hicho kilikuwa cha kusimamishia kitu, na kitu hicho, kwa yakini yangu kubwa, kilikuwa Mtoto Yesu. Ngumi ya kulia ilishika shina la yungiyungi, ua jeupe. Kitundu cha utosini ni cha kuchomekea duara la fedha au shaba, lile linaloonyesha nuru ya utakatifu.

Huyo ni Antoni wa Padua.

Padua iko Italia, lakini yeye hakuwa Mtaliana. Alizaliwa Lisbon, Ureno, karibu na mwaka 1195, akaitwa Fernando, na jina la Antoni alilipata alipoingia utawa wa Fransisko. Alifariki tarehe 13 Juni 1231, na Kanisa likamtangaza mtakatifu kabla mwaka haujatimia. Wakatoliki humwomba hasa wanapopotelewa na kitu: ufunguo, pete, hati. Kuna kisa chake ambacho sisi watu wa pwani tungekipenda, cha kwamba watu wa mji wa Rimini walikataa kumsikiliza, naye akaenda ufukweni akawahubiria samaki, na samaki wakainua vichwa majini.

Kuzaliwa kwake Lisbon ndiko kulikomleta kwako. Wareno walimchukua kama mtu wa nyumbani kila walikotia nanga. Kongo alipata jina la Toni Malau na akachongwa kwa mtindo wa Kikongo kabisa, mdogo wa kuvaliwa shingoni. Huko huko msichana Kimpa Vita alichomwa moto mwaka 1706 baada ya kusema kwamba Antoni amemwingia na anasema kwa kinywa chake. Goa, ambayo Wareno waliitawala kuanzia 1510 mpaka 1961, kuna kanisa katika kijiji cha Siolim ambako Antoni anaonekana ameshika nyoka kwa kamba. Kwa hiyo ukiwahi kumwona Antoni mwenye nyoka, usidhani fundi alikosea.

Hapa Unguja nako Wareno walikuwa na kanisa. Lilisimama pale pale ilipo Ngome Kongwe. Waomani walipowatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17 walijenga ngome juu yake, na vipande vya kuta za kanisa vimo ndani ya kuta za ngome hadi leo. Hata neno "gereza" ni kanisa: Wareno husema igreja, neno likahamia kwenye ngome zao, na kutoka kwenye ngome likaishia kwenye jela. Lakini usiruke ukasema sanamu yako imetoka huko. Kila mwaka naletewa "kitu cha Wareno", na mara nyingi ni kitu cha Magoa wa karne ya 19 au 20, ambao walikuja Unguja kwa njia yao: washonaji, waokaji, makarani, wapiga picha, wanamuziki. Nyumba ya Mgoa Mkatoliki ilikuwa na kabati la sala ukutani, na ndani yake wamesimama watakatifu wa nyumba hiyo. Mgongo bapa uliouona unatokana na hilo. Sanamu ya kukaa kabatini haichongwi nyuma, kwa sababu nyuma haionekani na fundi halipwi kwa kazi isiyoonekana.

Kuhusu Mtoto kutokuwepo, usiharakishe kusema ameanguka. Ureno na kwingi walikopita Wareno, mtu mwenye haja kubwa, khasa msichana anayetaka mume, humchukua Mtoto kutoka mkononi mwa Antoni na kumficha. Anamwambia mtakatifu: nitakurudishia ukinitimizia. Wengine humpindua Antoni kichwa chini miguu juu, au humgeuza akatazama ukuta. Ni mapenzi yenye utundu, kama mtu anavyomtania babu yake. Basi kitundu kile kikiwa kisafi na kingo zake hazikuvunjika, Mtoto alichomolewa kwa mkono wa mtu. Kikiwa kimechanika, alianguka. Tazama kwa tochi uniambie.

Sasa ami na pembe yake. Hakosei kuwaza hivyo. Goa walichonga sanamu zenye mwili wa mti na uso na mikono ya pembe, na Unguja ilikuwa soko kuu la pembe katika pwani hii. Lakini kuna sababu nyingine ya uso kung'aa, na ndiyo ninayoikuta mara kwa mara. Sanamu za namna hii hazipakwi rangi juu ya mti mtupu. Fundi wa kuchonga akimaliza, humpa fundi wa rangi, na huyu huanza kwa kupaka chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, mpaka mti unafunikwa na ngozi nyeupe laini. Hapo ndipo rangi inapokaa, na kwenye nguo, dhahabu. Usoni na mikononi hupaka rangi ya mafuta yenye wekundu wa mwili wa mtu, kisha, ikiwa bado haijakauka sawasawa, huisugua kwa kipande cha kibofu cha mnyama kilicholowa, mpaka inang'aa kama kauri. Kazi ile huchukua siku nyingi, na ndiyo inayofanya uso uonekane umo hai gizani kwa mwanga wa mshumaa.

Kwa hiyo tafuta mahali palipobanduka shingoni au kwenye kifundo cha mkono. Ukiona rangi, chini yake weupe wa chaki, chini yake nyuzi za mti, si pembe. Pembe haina chaki, na ikikatwa mkato wa kuvuka huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu. Tafadhali msijaribu ile sindano ya moto wanayoisema mitaani. Itatoboa shimo jipya kwenye uso wa mtu mwenye umri mkubwa kuliko sisi sote. Na ikiwa kweli ni pembe, mjue kwamba kuivusha mpaka bila vibali ni kosa, maana biashara ya kimataifa ya pembe ya ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa nchi za mkataba wa CITES mwaka 1989, na ofisa wa forodha hatauliza ni sanamu ya nani.

Sasa unaelewa kwa nini nimeanza na msasa. Binamu anadhani chini ya rangi iliyobanduka kuna "sanamu yenyewe". Wapi! Watu hunitajia msalaba wa kanisa la Mkunazini, ule uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ambao moyo wa msafiri Livingstone ulizikwa chini yake. Pale mti ndio hadithi nzima. Kwa sanamu yako mti ni mifupa tu, na mtakatifu yumo kwenye ile ngozi ya chaki na rangi isiyofika unene wa ukucha. Msasa wa dakika kumi utakuachia kipande cha gogo chenye umbo la mtu. Vanishi juu yake itafunga vumbi na unyevu ndani, na baada ya miaka michache itageuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nilifanya vibaya zaidi. Nilikuwa kijana, nimeshajua kuchonga nakshi za milango, nikajiona fundi wa kila mti. Nikaletewa mtakatifu mwanamke, mdogo, mweusi kwa moshi wa mishumaa. Nikachukua tapentaini na pamba nikamwosha uso. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, nikafurahi. Ya pili ikatoka ya waridi. Mpaka nifahamu kwamba waridi ile ni shavu lake, nilikuwa nimemwondolea shavu zima, na jicho moja limebaki kivuli. Mwenyewe hakunigombeza, aliichukua akaifunga kwenye kitambaa akaenda zake. Ndiyo maana baadaye nilikwenda kujifunza upya, na somo la kwanza nililofundishwa lilinichekesha: wanaohifadhi sanamu hizi duniani, dawa yao mojawapo ya kuondolea uchafu ni mate, kwa kijiti chenye pamba, nukta kwa nukta. Wewe usijaribu hata hilo. Brashi laini ya rangi ya maji, kavu, kwa vumbi lililolala tu, na pale rangi inapoinuka kama magamba ya samaki usiguse kabisa.

Vipunje vya semsem sasa. Umenisaidia kuvilinganisha hivyo. Mdudu anayetoa unga mwembamba kama wa ngano ni fukusi. Mchwa wa ardhini huja na njia za udongo na huacha udongo. Punje ngumu, kavu, zinazotiririka kama mchanga ni mavi ya mchwa wanaoishi ndani ya mbao kavu, ambao hawahitaji ardhi wala maji. Ukizitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kila punje ina pande sita. Hao ndio wanaokula makasha na milango ya Mji Mkongwe kimya kimya mpaka siku mtu anaegemea na kidole kinazama.

Swali ni kama wapo hai au walikwisha kuondoka tangu enzi za bibi. Sanamu iliyokufa wadudu bado humwaga punje za zamani ikitikiswa, na nyinyi mmeitikisa sana wiki hii. Isimamishe juu ya karatasi nyeupe, mbali na kasha na mbali na mlango wowote wa mti, andika tarehe kwenye karatasi, na msiiguse kwa wiki mbili. Karatasi ikibaki safi, tumepona. Kikilundikana kichuguu kipya chini ya kitundu kimoja, wapo.

Wakiwepo, msipulize dawa ya mende wala kudunga mafuta ya taa au petroli. Najua mafundi hufanya hivyo kwa milango, lakini rangi ya mafuta huyeyuka na chaki hunyonya madoa. Wengine husema itiwe kwenye friza. Baridi huua wadudu kweli, lakini sharti ifike nyuzi 20 chini ya sifuri na ikae humo wiki moja au mbili bila kufunguliwa, na friza ya nyumbani yenye samaki na barafu za watoto haitulii hivyo. Tena chaki iliyoachana na mti inaweza kudondoka kwa baridi. Njia ninayoitumia mimi ni kuifungia kwenye mfuko maalumu usiopitisha hewa pamoja na vipakiti vinavyonyonya oksijeni, wiki tatu mpaka nne. Wadudu hukosa pumzi, na rangi haiguswi. Mfuko wa nailoni wa dukani haufai, hewa hupenya. Hilo niachieni mimi.

Kuwepo kwa mchwa kunaniambia jambo kuhusu mti pia. Goa walipenda msaji, ambao wengine huuita mtiki, na kiini cha msaji kina mafuta ambayo mchwa huyakimbia. Basi ama fundi aliacha sehemu ya mbao changa ya nje, ama si msaji. Inaweza kuwa mfenesi, mti ambao hapa kwetu tunauchonga milango, wa manjano ukichongwa, ukikaa unageuka rangi ya asali. Chini ya kitako, pasipopakwa rangi, ndipo pa kutazama. Hapo hapo tazama msumari, kama upo. Wa mhunzi una pembe nne na kichwa kisicho sawa. Wa waya ni mviringo, na huo ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Msumari unaweza kuongezwa baadaye, kwa hiyo peke yake si ushahidi kamili, lakini pamoja na alama za msumeno huniambia mengi kuliko kipimo cha kaboni, ambacho kwa mti wa miaka 300 ya karibu hutoa jibu pana kama bahari.

Thamani. Binamu hatapenda jibu langu. Soko la Gizenga limejaa sanamu "kongwe" zilizokongwezwa kwa chai ya rangi na moshi, na mwenye duka atamlipa bei ya hizo. Iliyo safi kweli, yenye rangi yake, ina thamani kubwa zaidi kwa mtu anayejua, na huyo anayejua atauliza swali la kwanza: mmeipataje? Hapo ndipo mtakapokwama, kwa sababu mmeshaniandikia jibu. Bibi aliambiwa aweke. Iliyo ndani ya kasha lenu ni amana, na binamu hawezi kuuza amana ya watu hata kama mwenyewe ameshakufa. Ana watoto, ana wajukuu, pengine Goa, pengine Uingereza au Canada. Wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wakiamini watarudi baada ya msimu mmoja.

Nendeni Minara Miwili, kanisa Katoliki la Mji Mkongwe, mkazungumze na padri wa parokia. Parokia huandika ubatizo na ndoa vitabuni, na jina la familia ya jirani likikumbukwa, pana pa kuanzia. Mpelekeeni picha, msipeleke sanamu kwanza. Na ikitokea mwenyewe amepatikana ng'ambo, isisafirishwe kabla ya kuuliza wahusika wa makumbusho na mambo ya kale hapa Zanzibar. Kitu kikongwe hakitoki kisiwani kama embe.

Kuhusu mama na kukosa raha kwake, la dini waulizeni masheikh, mimi ni fundi wa mti. Lakini mwambie kanga ameiweka vyema sana. Pamba hupumua, huzuia vumbi na mwanga, na haifugi jasho kama nailoni. Aitumie kanga kuukuu iliyokwisha kuchuja, kwa sababu mpya hutoa rangi masika unyevu unapopanda. Isikae chumba chenye AC inayowashwa usiku na kuzimwa asubuhi, mti utavimba na kunywea mpaka ngozi ya chaki ipasuke. Ukuta wa ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari, panatosha. Na wakubwa wetu kanga huiita leso, neno la Kireno hilo. Sanamu na guo lake wamekutana tena.

Nitumie picha nne: kitako, utosi, kitundu cha kwenye kitabu kwa karibu, na ile karatasi baada ya wiki mbili. Zipigwe mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera.

Na kabla ya hapo, rudini kwenye kasha. Makasha yetu yana kisanduku kidogo ndani upande mmoja, na mengi yana droo za siri ambazo hazifunguki mpaka ubao fulani uvutwe juu. Muulize mama kama siku ile sanamu ilipoletwa Mtoto alikuwepo mkononi. Kisha tafuteni humo kitu cha urefu wa kidole, kimefungwa kwenye karatasi au kitambaa, na duara dogo la madini ambalo pengine mlilidhani kipande cha herini ya bibi.